Kiti cha Barbazza

Mvua ilikatika dakika chache kabla jeneza halijashushwa. Matope ya Kibosho yalikuwa yameshawavua watu viatu, na mimi nilisimama na soksi moja mkononi kama mtoto wakati tunamzika mjomba chini ya migomba ya kihamba chake.

Baadaye, watu wameshakula na kibuyu cha mbege kimeanza kuzunguka, mzee mmoja akajifuta mdomo na kuianza ile hadithi. Nilijua ataianza. Katika ukoo wetu haijawahi kufanyika shughuli, iwe harusi au msiba, ikaisha bila hadithi hiyo.

Kwamba mwaka 2001 mjomba alikuwa suka anayegombewa na stendi nzima ya Moshi. Kwamba alikuwa na Kosta mpya ya tajiri mwenye magari tisa, njia ya Moshi kwenda Arusha. Kwamba siku moja alirudisha funguo, akavuka upande wa pili wa stendi na kukalia usukani wa mkweche wa mama mmoja mjane. Gari lenyewe ndilo pekee alilokuwa nalo yule mama, kiti cha konda kimefungwa kwa mpira wa baiskeli, gia ya tatu inaruka. Na kwamba gia hiyo alikuwa akiishikilia kwa goti la kushoto kila penye mlima, huku anapiga stori na abiria wa mbele, na jioni anapeleka hesabu iliyotimia kuliko ya lile gari jipya alilotoka.

"Kwa goti!" mzee alirudia, akijipiga lake. Watu wakacheka. Hata mjane wa mjomba alicheka kidogo, kitenge kikiwa mdomoni.

Ndipo mtu mmoja nisiyemjua, aliyekuwa anapanga viti vya plastiki pembeni, akauliza bila kupaza sauti:

"Na aliyekuwa analiendesha kabla yake, alienda wapi?"

Hakuna aliyejibu. Mtu akaomba chumvi.

Hiyo ni wiki ya sita sasa, na swali hilo halijanitoka.

## Rasimu iliyokuwa kwenye simu

Wasomaji wa siku nyingi mnajua nina ugonjwa wa Formula 1, yale mashindano ya dunia ya mbio za magari, hasa ya zamani, na kwamba nautibu kwa bando la usiku. Siku ya msiba nilikuwa na rasimu kwenye simu, robo tatu imekwisha. Nilikuwa nimeipa jina "Senna ndani ya Minardi", na nilikuwa najipongeza kabla ya wakati.

Chanzo chake ni jambo alilosimulia Giancarlo Minardi, mwanzilishi wa timu ile: kwamba Ayrton Senna alimwambia angependa kuja kumalizia kazi kwake, Faenza, Italia. Pima uzito wake. Huyu ni bingwa wa dunia wa 1988, 1990 na 1991. Timu anayotaka kustaafia ilikimbia miaka 21, tangu 1985 hadi 2005, ikavuna pointi 38 na haikupanda jukwaani hata siku moja. Kwa hesabu ya pointi za siku hizi, dereva mwenye gari zuri anazipita hizo kwa wikiendi mbili.

Huenda ilikuwa kauli ya mezani. Mtu akishiba na akiwa na mwenyeji mkarimu anaweza kuahidi chochote. Lakini mimi sikutaka kusubiri astaafu. Nilitaka kumhamisha akiwa bado na meno yote, na mwaka nilioutaka nilikuwa nimeshauchagua.

## Bingwa deiwaka

Mwisho wa 1992 Honda walijiondoa na kuiacha McLaren, timu ya Senna, bila injini. Senna aliitamani timu ya Williams kiasi cha kusema yuko tayari kuendesha bure. Lakini Alain Prost alikuwa ameshatangulia kusaini pale, na mkataba wake ulimfungia Senna mlango. Desemba hiyo Senna akaenda Arizona kujaribu gari la Penske la IndyCar, mbio za Marekani. Mwaka 1993 ukaanza hana mkataba wa msimu mzima popote. Aliendelea McLaren kwa makubaliano ya mbio moja moja, kwa bei iliyotajwa sana wakati ule, dola milioni moja kila mbio.

Kwa lugha ya stendi yetu, bingwa wa dunia mara tatu alikuwa deiwaka, dereva wa kibarua cha siku.

Deiwaka ghali, lakini deiwaka.

Sasa njoo kwenye kitu kilichonitoa mate. McLaren walipokosa Honda walikwenda kununua injini ya Ford HB ya silinda nane. Na Minardi mwaka huohuo wa 1993 walikuwa na nini mgongoni? Ford HB ya silinda nane. Ya kwao ilikuwa ya toleo la nyuma, sawa, na McLaren walikuwa na sasipensheni inayoongozwa na kompyuta na mfumo wa kuzuia tairi zisiserereke, vitu ambavyo bajeti ya Faenza ilivitazama kwa mbali. Lakini injini zilikuwa za ukoo mmoja. Umbali kati ya tajiri na mnyonge haujawahi kuwa mfupi hivyo ukiwa na mtu kama yule hana kazi ya kudumu.

Nikasema, twende.

## Hesabu zangu za usiku

Kyalami, Afrika Kusini, 14 Machi 1993. Prost wa kwanza, Senna wa pili, Mark Blundell wa tatu kwa gari la Ligier, akiwa nyuma mzunguko mzima. Wa nne ni Christian Fittipaldi. Kwa gari la Minardi!

Mweke Senna kwenye gari pacha la Fittipaldi siku ile, ambayo mvua ilishuka mwishoni. Unaniambia hamfikii Blundell? Anamfikia. Tayari Minardi iko jukwaani, mara ya kwanza na ya pekee, na jukwaa lenyewe liko kwenye ardhi ya Afrika. Tangu siku hiyo Formula 1 haijarudi kukimbia bara hili. Nilikuwa nimeandika aya nzima ya jukwaa lile, na sitaiweka hapa kwa sababu nimeisoma tena na naona aibu.

Monaco, 23 Mei. Senna wa kweli alishinda kwa mara ya sita na kuvunja rekodi ya ushindi mara tano ya Graham Hill. Wa pili alikuwa Damon, mtoto wa Graham. Ukimtoa Senna ndani ya McLaren, anayeshinda Monaco ni Damon Hill, kwenye mji alioutawala baba yake. Hakuwahi kushinda pale mpaka anastaafu. Kwenye rasimu yangu alishinda, nami nikajiona mwema.

Halafu kuna Mika Häkkinen. McLaren walikuwa na madereva watatu wa viti viwili mwaka ule, na kwa kuwa Senna hakuondoka, Häkkinen alikaa benchi kuanzia Machi hadi Septemba. Alipopewa gari Ureno, mbio yake ya kwanza na timu ile, alimpita Senna kwenye muda wa kupanga mstari. Huyo ndiye bingwa wa 1998 na 1999. Kwenye rasimu yangu hakai benchi hata siku moja.

Kila mtu alikuwa amepata kitu. Wanyonge wamepata jukwaa, mtoto wa marehemu amepata ushindi, kijana amepata kiti.

Donington ilinikwamisha.

## Mzunguko nisioweza kuuhamisha

Aprili 11, Donington, Uingereza, mvua. Mnaoujua mzunguko ule wa kwanza hamhitaji nisimulie. Senna anaanza wa nne, anabanwa anakuwa wa tano, kisha Schumacher, Wendlinger, Hill, Prost, mmoja baada ya mwingine, na kabla mzunguko haujaisha yuko mbele peke yake. Nimeutazama pengine mara mia. Niliutazama tena usiku baada ya mazishi, nimelala chumba cha wageni kwa mjomba, mvua inapiga bati.

Nikajiuliza, angekuwa na Minardi angefanya nini?

Nilivuta kalamu kwa upande wake kadiri nilivyoweza, na mwisho nikamweka wa nne. Labda wa tatu, kama wengine wangeharibu. Lakini ule mzunguko haupo. Ili mtu awapite watu wanne ndani ya mzunguko mmoja, lazima kwanza gari limfikishe pale walipo. Senna wa Minardi angeanza huko nyuma ndani ya moshi wa maji, haoni mbele, na kazi yote nzuri ambayo angeifanya ingekuwa ya kutoka nafasi ya kumi na nane kwenda ya kumi na moja, mahali ambapo hakuna kamera.

Yaani nilikuwa nimempeleka bingwa kwa wanyonge na kumnyang'anya kitu kilichofanya nimpende.

Hilo ningeweza kulimeza. Ningeandika aya ya masikitiko, mngeipenda. Lakini nilifungua matokeo ya Donington kuhakikisha nani alikuwa wa nne (Johnny Herbert, kwa gari la Lotus) na jicho likateremka mpaka mstari wa sita.

Wa sita: Fabrizio Barbazza, Minardi.

## Aliyekuwa kitini

Timu ina viti viwili. Kimoja ni cha Fittipaldi, na hakuna mtu angemgusa baada ya ile nafasi ya nne. Kwa hiyo kiti nilichompa Senna kilikuwa cha Barbazza. Nilikuwa nimeandika maneno elfu moja mia nane kuhusu timu yake na jina lake sikuwa nimelitaja hata mara moja.

Nikaanza kumtafuta.

Mwaka 1987 alikwenda Marekani kukimbia Indianapolis 500 kwa mara yake ya kwanza, akamaliza wa tatu na kutunukiwa dereva bora mgeni. Si mtu wa kuokotwa, basi. Mwaka 1991 akaingia Formula 1 na timu ya AGS, iliyokuwa kwenye pumzi zake za mwisho, na hakufanikiwa kufuzu hata mbio moja. Kila wikiendi anafungasha, anasafiri, anavaa, anaendesha siku ya kupanga mstari, anaambiwa muda hautoshi, anarudi nyumbani. Miaka miwili baadaye Minardi wakampa kiti. Donington akawa wa sita. Wiki mbili mbele, Imola, akawa wa sita tena. Wakati ule nafasi ya sita ilikuwa pointi moja, na wa saba hapati kitu.

Pointi mbili, basi. Ndizo alizowahi kupata katika Formula 1.

Baada ya mbio nane, Pierluigi Martini akakaa kwenye kiti chake na jina la Barbazza halikurudi tena.

Msimu mzima wa 1993 Minardi walipata pointi saba, na mbili kati ya saba ni zake. Mimi nilikuwa nimezichukua zote, kwa ajili ya starehe ya aya moja, na sikuwa nimejua kama nimechukua cha mtu. Nilikaa kitandani nikasikia kwa mbali viti vya plastiki vikipangwa, ingawa wenye kupanga walikuwa wameshaenda kulala.

## Mtaniletea Vettel

Najua. Mtaniambia hadithi hii ilishatokea kweli, na mtataja Monza 2008: Sebastian Vettel, miaka 21, mvua, anashinda na Toro Rosso, yaani karakana ileile ya Faenza baada ya Red Bull kuinunua. Ilikuwa siku nzuri, nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Lakini gari lile lilibuniwa na watu walewale waliobuni gari la kaka mkubwa, Red Bull, tofauti kubwa ikiwa injini ya Ferrari. Mnyonge aliyevaa koti la tajiri. Halafu Vettel hakuwa bingwa bado.

Hilo la pili ndilo linaloniuma zaidi. Mabingwa wanapita kwenye timu ndogo kila mara, ila wanapita wakati wa kupanda. Fernando Alonso alianzia Minardi hiyohiyo mwaka 2001, hakupata pointi hata moja, na miaka minne baadaye alikuwa bingwa wa dunia. Senna mwenyewe alianzia timu ndogo ya Toleman. Monaco 1984, mvua tena, alianza wa kumi na tatu na kufika wa pili kabla mbio hazijasimamishwa.

Na alivyoondoka Toleman inasimuliwa mara chache. Alisaini Lotus kabla hajamalizana nao. Wakakasirika, wakamsimamisha mbio moja, Monza. Siku hiyo gari la Toleman akaliendesha Stefan Johansson. Deiwaka.

Johansson akamaliza wa nne.

Nilipoona hilo nilifurahi kama mtu aliyepata ushahidi. Kisha kichwa kikaanza: Senna angekuwa wa ngapi siku ile? Gari lilikuwa zuri Monza, wengi waliharibikiwa, angeweza kuwa wa tatu, wa pili... Nikajishika. Hata dakika tano hazijapita, nimeshamshusha Johansson kwenye kiti.

## Wema au hasira

Kwenye hadithi ya ukoo, mjomba alimwonea huruma yule mjane. Hivyo tu. Nimekua nayo, nimeisimulia shuleni, nimewahi hata kumwambia msichana.

Wiki ya tatu nilimpigia simu konda wake wa zamani, ambaye sasa ana duka la spea Arusha, kule Unga Limited. Nilitaka kuuliza la yule dereva wa kwanza. Yeye akaanza na jingine.

"Huruma?" akasema. "Mjomba wako alipigwa tochi ya trafiki Kikatiti mara mbili kwa wiki moja, tajiri akamkata faini zote mbili kwenye posho. Na tajiri huyohuyo ndiye aliyekuwa anatuambia tuwahi. Siku ya Jumamosi mjomba wako akamwachia funguo mezani. Angekuwa amepata gari la padri angepanda la padri."

"Kwa hiyo yule mama..."

"Yule mama alikuwa karibu."

Sijui kwa nini nilijisikia kupungukiwa. Hasira ni sababu halali, na tajiri yule alistahili. Lakini nimegundua kwamba kila tunapomtuma bingwa kwa wanyonge tunamfungia huruma mfukoni bila kumuuliza. Senna hakukosa timu ndogo ya kwenda mwaka 1993. Zilikuwepo, na mlango wa Faenza ulikuwa wazi. Hakwenda. Alikaa McLaren na kushinda mbio tano, kwa sababu alikuwa mtu wa kushinda. Msimu uliofuata Williams wakafungua mlango akaingia, na tarehe 1 Mei 1994 akapata ajali iliyomuua kwenye mbio za Imola, mwendo mfupi tu kutoka Faenza. Hapo sina hesabu za usiku. Nilijaribu, nikafunga simu.

Ninaloweza kusema ni la upande wangu. Mimi sikumpeleka Senna Minardi ili awasaidie. Nilitaka Minardi wanisaidie kumpima: anayeshinda ni mtu, au ni gari? Ni swali lilelile la jamaa wa kijiweni kila ligi inapoisha, kwamba mshambuliaji wa Yanga angepelekwa timu inayoshuka daraja angefunga mangapi. Hakuna anayeuliza kwa kuionea huruma timu inayoshuka daraja. Hiyo timu ni mizani tu.

Na mizani ina watu ndani yake.

## Memorial

Konda ndiye aliyenielekeza. Yule dereva wa kwanza yupo Moshi hapahapa, soko la Memorial, anauza makoti ya mitumba. Nimepita mbele ya meza yake miaka yote hii. Nina hakika niliwahi kununua kwake koti la kupandia mlimani nilipokuwa nafanya kazi ya upagazi.

Nilikwenda Jumanne, siku ya watu wachache. Mzee mwembamba, kofia ya sufi, miwani imening'inia kwa kamba ya kiatu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana wangu. Koti? Hili la kwako kabisa, jaribu."

Nilijaribu, kwa uoga. Nikiwa ndani ya koti nikajitambulisha.

Alinitazama muda. "Wewe mtoto wa dada yake?"

"Ndiyo, mzee."

"Poleni sana. Mimi nilisikia mmeshazika."

Akanivutia ndoo nikae. Sikujua pa kuanzia, nikaanza kama mjinga, nikamuuliza ilikuwaje akatoka kwenye lile gari. Akawa anakunja koti jingine, taratibu, mkono kwa mkono.

"Mama aliniita Jumapili, ametoka kanisani. Akasema mwanangu, kesho usije, nimepata mtu. Basi. Nilikuwa na mtoto wa miezi minne."

"Ulimchukia mjomba?"

"Sikuwa namjua vizuri, nimchukieje? Nilimjua kwa sifa. Kila mtu alimjua kwa sifa." Akacheka kidogo. "Jioni ileile akaja kwangu Pasua, kwa miguu. Nikasema huyu kaja kuomba radhi, nikamwambia mke wangu aweke chai. Kumbe kaja kuniuliza gari lina nini."

"Ukamwambia?"

"Gari si langu, lina abiria. Nisingemwambia angeua watu. Nikamwambia breki ya nyuma inavuta kulia. Nikamwambia usizime injini pale KIA, haiwaki. Na gia ya tatu inaruka, usipigane nayo kwa mkono, ukifika Maji ya Chai mkono umekufa." Akasogea nyuma ya meza nione miguu, akakunja wa kushoto kidogo, akausukuma kwa pembeni. "Weka goti. Hivi."

Nilibaki nimemwangalia lile goti.

Nadhani alidhani sijaelewa, maana alirudia.

Sikumwambia jinsi ambavyo goti lile limechekesha watu kihambani kwetu kwa zaidi ya miaka 20. Ningesema nini? Nilimuuliza kama mjomba alimlipa chochote. Akasema kwa miezi mitatu alikuwa anamwachia gari kila Jumatano, anakuwa deiwaka kwenye gari lake mwenyewe la zamani, mpaka mama akakataa, akasema Jumatano hesabu inapungua.

"Ilikuwa inapungua kweli?" Nilishauliza kabla sijafikiri.

"Ilipungua." Hakukasirika. "Mjomba wako alikuwa hatari. Alikuwa anajua abiria wa Boma Ng'ombe anatoka saa ngapi nyumbani kwake. Tengeru siku ya soko anakuwa wa kwanza, sijui alikuwa analala wapi. Mimi nilikuwa dereva wa kufika." Akaweka koti juu ya mengine. "Nilikuwa nafika lakini."

Kulikuwa kumetulia. Basi nikafanya kitu ambacho sijui kilitoka wapi, nikatoa simu, nikamwonyesha Donington. Nikamweleza kwa haraka: yule ni bingwa, angalia anavyopita, mmoja, wawili. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua usukani. Kisha nikamwambia kwamba kuna mwingine, Mwitaliano, ana gari bovu, yupo huko nyuma mizunguko miwili, na amemaliza wa sita.

"Yuko wapi?"

"Haonekani sana. Kamera iko mbele."

Alivaa miwani. Akaichukua simu mkononi mwangu, akaigeuza iwe pana, akaisogeza karibu na uso. Mama mmoja alikuja, akainua koti la ngozi, akauliza bei mara mbili.

"Subiri kidogo, mama," akamwambia bila kuinua kichwa. "Kuna mtu namtafuta hapa."